Shahidi wa Pili: Mhadhara Juu ya Mitambo ya Akili na Usalama wa Njia Zetu



Kabla sijaingia katika mas'ala yaliyotukusanya jioni hii, naomba rukhsa nianze na neno moja tulitumialo kila siku bila ya kulipima uzito wake, nalo ni neno ajali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko lilikotoka ni muda uliowekwa, yaani siku na saa aliyoandikiwa mja kuondoka duniani; ndiyo maana wazee wa pwani walipokuwa wakisema kwamba fulani ajali yake imefika, hawakukusudia gari kupinduka wala chombo kuzama, walikusudia mauti yenyewe, hata kama marehemu alifia kitandani mwake akiwa amezungukwa na wanawe. Neno hilo lilipotoka katika nyumba za msiba likahamia barabarani, lilihama na mzigo wake wote. Na leo basi likiparamia lori kwenye mteremko, twasema ajali haina kinga, twafuta machozi, twazika, kisha twarudi stendi kukata tikiti nyingine.

Sikuja hapa kubishana na kudra. Lakini bedui yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mola wake aliamriwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Maneno yangu ya leo yanahusu kamba ya kumfungia ngamia huyo, kamba ya zama hizi, iliyosokotwa kwa setilaiti, kamera na kompyuta. Na nitajaribu kuonesha inafunga nini, haiwezi kufunga nini, na nani aishike ncha yake.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina huruma wala unafiki. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara za dunia ziliua watu milioni 1.19 katika mwaka 2021, na kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 hapakuwa na sababu ya mauti iliyozidi hiyo. Kanda ya Afrika ya shirika hilo, ambayo ina takriban magari 3 tu katika kila magari 100 ya dunia, ilizika watu 19 katika kila 100 waliokufa kwa njia hiyo. Mwenye magari machache ndiye mwenye makaburi mengi. Mizani iliyopinda namna hii haiwezi kuwa imepindwa na kudra, kwa kuwa kudra haina ugomvi na bara moja ikaliacha jingine. Imepindwa na mikono ya watu, na kilichopindwa na mkono chaweza kunyooshwa na mkono.

Katika sababu nyingi za maafa haya, moja ndiyo mama wa nyingine, nayo ni mwendo. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde moja. Likitiwa moto mpaka 100, hukata karibu mita 28. Dereva aliyemwona mtoto akivuka, hata awe hodari namna gani, huhitaji takriban sekunde nzima kabla mguu wake haujaikanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari linakwenda kana kwamba halina mtu usukanini. Fauka ya hayo, kishindo hakizidi kwa kadiri ya mwendo, huzidi kwa mraba wake: ongeza mwendo kwa robo, na nguvu ya kishindo itaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hayo ni maumbile, na maumbile hayapokei rushwa wala hayamjui mwenye basi.

Tamaa ya kukitia kifaa kazi ya mlinzi wa njia ni kongwe kuliko motokaa yenyewe. Mwezi wa Disemba 1868, mbele ya Bunge la Uingereza mjini London, ilisimamishwa taa ya kwanza ya kuongoza vyombo barabarani, wakati vyombo vyenyewe vilikuwa vya kukokotwa na farasi. Aliyeibuni ni mhandisi wa reli aitwaye John Peake Knight; ilikuwa na mikono ya kupandishwa na kushushwa mchana, na taa za gesi nyekundu na kijani usiku, na polisi mmoja akisimama chini yake kuiendesha. Januari iliyofuata gesi ilivuja, taa ikaripuka, na polisi yule akaungua. Walimwengu walichukua miaka mingi kabla ya kuirudia fikra ile kwa umeme. Ibra iliyomo ni kwamba kila mlinzi tumwekaye naye huhitaji mlinzi wake.

Na kuna kisa kingine ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953, alitengeneza chombo cha kupimia mwendo wake mwenyewe, makusudi ajue namna ya kuzipita kona kwa kasi zaidi. Kutokana na kazi yake hiyo zilizaliwa kamera za barabarani ambazo leo zinawanasa madereva katika nchi nyingi za dunia. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kukimbia kikageuka chombo cha kuwazuia wakimbiao. Basi tusidhani kwamba mtambo una tabia yake, wema au ubaya. Tabia yake ni ile ya mkono uliouweka na jicho linalousoma.

Hapa kwetu Tanzania jamaa wa chombo hicho ni kile tukiitacho tochi, ambacho trafiki hukishika kando ya njia na kukielekeza kwa gari lijalo. Tochi imesaidia, nani atakataa? Walakini kila aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani anaijua lugha ya taa ambayo madereva wanapishana nayo: gari lijalo humulika mara mbili, dereva wetu hupunguza mwendo, akapita mbele ya tochi kwa adabu kama mtu apitaye mbele ya wakwe zake, na kilomita mbili mbele anaurudia ukaidi wake. Tochi huona mahali pamoja kwa dakika moja, na barabara ni ndefu.

Kwa hivyo wakubwa walifikiri: kwa nini mlinzi asipande ndani ya gari? Kenya ilijaribu mapema. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alitoa kanuni mwaka 2003, zikaanza kutumika Februari 2004, zikiyalazimisha matatu yafungwe kidhibiti cha mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, yawekwe mikanda ya viti, yapakwe mstari wa manjano na yasipakie abiria kupita idadi. Nchi ilitikisika, magari mengi yalilala nyumbani na watu wakaenda kazini kwa miguu, lakini kanuni ikasimama. Haukupita muda mrefu, mafundi wa vichochoroni wakajua waya wa kukata. Hapo ndipo ulipodhihiri udhaifu wa kidhibiti mwendo: ni mtumwa bubu. Akifungwa mdomo hakuna ajuaye, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa na mdomo wa kumwambia mtu aliye mbali kwamba amefungwa.

Mtambo wa kizazi cha sasa umepewa mdomo. Tanzania Bara, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyorithi mwaka 2019 kazi za mamlaka iliyotangulia, SUMATRA, upande wa nchi kavu, inasimamia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari uliofungwa katika mabasi ya masafa marefu. Kazi yake si ya miujiza. Ndani ya basi kuna kisanduku kidogo kipokeacho ishara za setilaiti, kikajua kilipo, na kutokana na ishara hizo hizo kikajua mwendo wake. Kisha hutuma habari hizo kwa mtandao wa simu za mkononi hadi chumba cha udhibiti. Basi likivuka kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo sheria ilizoyawekea magari makubwa, au 50 katika makazi ya watu, hujulikana ni basi gani, wapi na saa ngapi. Mtu akichezea nyaya, nako kunyamaza kwenyewe huwa ni habari. Na ili dereva asiseme kwamba usukani ulikuwa kwa mwenzake, amepewa kitufe chake cha utambulisho akiguse kabla ya kuondoka, kama vile karani anavyotia sahihi daftari la mahudhurio.

Hapa, waungwana, tumepata shahidi asiyelala, asiyepatwa na usingizi wa alfajiri na asiyetazama pembeni kwa ajili ya noti iliyokunjwa. Na tangu mabasi yaliporudishiwa ruhusa ya kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo la miaka mingi, shahidi wa namna hii amekuwa wa lazima, kwa maana giza ni rafiki wa kila kosa.

Lakini shahidi ni shahidi, hana upanga. Mtu akisimama mahakamani akatoa ushahidi wa haki, na kadhi amelala, ushahidi ule utabaki sauti katika ukumbi. Naomba mfikiri pamoja nami juu ya kisa cha shehena. Tangu mwaka 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia kwa pamoja makontena yatokayo bandari ya Mombasa kuelekea Kampala na Kigali. Kila kontena hutiwa lakiri ya kielektroniki. Lori likiacha njia iliyoandikiwa, au lakiri ikiguswa, habari hufika papo hapo, na vikosi maalumu vilivyowekwa njiani vinatoka kulifuata. Huko shahidi anasema na kadhi anasikia. Na sababu ya kadhi kuwa macho ni dhahiri shahiri, kwani ndani ya kontena mna ushuru wa serikali. Sasa nauliza, bila ya kumlaumu mtu: ikiwa marobota ya mitumba yakichepuka njia askari hutoka saa ile ile, je, basi lenye roho sitini likizidi mwendo juu ya mteremko, nani atoke? Faini inayofika ofisini kwa mwenye basi juma la pili ni jambo jema kwa hazina ya dola, lakini haimfai abiria aliyeko juu ya mteremko ule wakati ule. Thamani ya mtambo huu haipimwi kwa idadi ya visanduku vilivyofungwa. Hupimwa kwa dakika zinazopita baina ya kosa kuonekana na mtu kulizuia.

Ulaya nao wana somo lao juu ya dakika hizo. Tangu mwaka 2018, aina mpya za magari madogo katika nchi za Umoja wa Ulaya hutoka kiwandani na chombo ambacho, gari likigonga kwa nguvu, hupiga simu chenyewe namba 112 na kueleza gari lilipo, hata kama waliomo ndani wamezimia. Chombo kama hicho hakina faida pasipokuwa na mtu wa kuipokea simu na gari la kwenda. Msiseme kwamba hayo hatuyawezi. Katika mpango wa m-mama wa hapa Tanzania, simu ya mama mjamzito aliyepatwa na dharura hupokewa, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa kawaida wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa na ambaye malipo yake yapo. Fedha ya kununua magari ya wagonjwa kwa kila tarafa huenda haipo. Akili ya kuyaunganisha yaliyopo na wanaoyahitaji imekwisha kuthibiti kwamba ipo.

Nasema hayo kwa kuwa neno akili, linapotiwa katika jina la mtambo, huwapumbaza watu. Wengi wa wanaokufa katika barabara za dunia hawamo ndani ya mabasi; zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, na hao hakuna setilaiti inayowafuata. Mjini Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi, likapima njia wanazopita watoto, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ross, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa. Tuta halihitaji umeme, halikatiki mtandao, wala halitofautishi gari la mkubwa na la mdogo. Mjini Kigali wametumia njia nyingine: kamera zilizosimamishwa kando ya barabara, ambazo wenyeji wamezibandika jina la Sofia, na mtu husema amepigwa na Sofia kama asemavyo aliyekutana na mwanamke mkali. Tuta na Sofia ni ndugu. Vyote viwili vinamkumbusha dereva mahali pale pale na saa ile ile, navyo havingoji ripoti.

Sina budi pia kutaja jambo ambalo watu wa mitambo hulipita upesi. Mtambo unaojua basi lilipo unajua vilevile dereva alilala wapi, na kamera inayosoma namba za magari inajua nani alikwenda kwa nani saa nne ya usiku. Hiyo ndiyo sura ya pili ya usalama: chombo hicho hicho humsaidia polisi kulipata gari lililoibwa, na kikiangukia mkono mbaya humsaidia mwizi kujua nyumba ipi haina mwenyewe. Kenya imetunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zisiwe karatasi. Habari za mwendo wa mtu ni amana, na aliyeaminiwa amana akaitumia kwa jambo jingine, hata liwe na manufaa kwake namna gani, amekhini.

Sasa nafikia sehemu ambayo ningependa kuiruka, kwa sababu inanihusu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla ya kujengwa daraja jipya la Wami, nilikuwa nasafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Tulipoupita mji wa Segera dereva alianza kushindana na basi jingine, na kwenye mteremko wa kushukia Wami, ambako daraja la zamani lilikuwa jembamba la gari moja, hakupunguza. Bibi mmoja mtu mzima, amejifunga ushungi mweusi, aliinuka kidogo kitini akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mimi sina haraka, wanaoningoja watangoja." Utingo akamjibu, "Bi mkubwa, ukiogopa ungekwenda kwa jahazi." Basi zima likacheka. Bibi akaketi, akaanza kuvuta uradi wake. Nami, ninayesimama mbele yenu jioni hii nikiitwa mhadhiri, niligeuza uso wangu nikatazama dirishani.

Tulifika salama, na kwa sababu tulifika salama nilikisahau kisa kile, mpaka niliposoma habari za utafiti mmoja wa Kenya. James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walichagua baadhi ya matatu za safari ndefu wakabandika ndani yake stika zinazowahimiza abiria kupaza sauti dereva akiendesha ovyo, na nyingine wakaziacha kama zilivyo, ili kulinganisha. Katika magari yenye stika, madai ya bima yalipungua kwa kiasi cha baina ya nusu na theluthi mbili. Hapakuwa na setilaiti wala kompyuta. Ilikuwa karatasi yenye gundi na ruhusa ya kusema. Baadaye kampeni hiyo ilienea ikapewa jina la Zusha. Kwa masikio ya pwani neno hilo linakwaruza, kwani kwetu mzushi ni mtu mbaya, na uungwana tumefundishwa kuwa ni kunyamaza mbele ya watu. Nimefikiri sana juu ya uungwana huo. Uungwana unaomwacha bibi asimame peke yake ni woga uliovaa kanzu.

Wanazuoni wetu wa sheria walikuwa na hekima kubwa walipoweka kwamba katika mambo mengi shahidi mmoja hatoshi. Sharti wawe wawili ndipo kadhi ashikwe na dhima ya kuhukumu. Mtambo ni shahidi wa kwanza, naye ni mwadilifu, hana njaa wala jamaa. Lakini anasema mbali, katika chumba ambacho dereva hakioni. Shahidi wa pili amekaa kiti cha nyuma ya dereva, ana tikiti mfukoni, na sauti yake inafika kwa hatua mbili. Wote wawili wakisema, hakuna dereva atakayevumilia, wala mwenye basi atakayejitetea, wala ofisi itakayoweza kudai kwamba haikusikia.

Basi ombi langu kwa serikali ni moja: dakika baina ya kosa na jibu zihesabiwe, na zitangazwe hadharani kama zinavyotangazwa bei za mafuta. Ombi langu kwa wenye mabasi ni moja: dereva asipewe muda wa safari usioweza kutimizwa ila kwa kuvunja sheria, maana hapo kosa limeandikwa ofisini kabla gari halijawashwa. Na ombi langu kwenu ninyi mlioketi hapa, ambao kesho mtapanda basi kurudi makwenu, ni jepesi kuliko yote. Sikutakeni muwe wa kwanza kusema. Huo ni ushujaa, na ushujaa haulazimishwi. Nakutakeni mmoja wenu awe wa pili. Yule bibi wa Wami alikuwa shahidi wa kwanza, na alisema kweli. Wa pili alikuwa mimi, na sikusema.